Barua kwa mwanangu: toka kwenye mizani ya gengeni

Mwanangu,

Umeniuliza kama mboga zako za kukatwa zinaweza kuwa biashara ya aina mpya au zitabaki genge jingine tu, na ukataja mieleka ya Marekani. Mfano huo una mengi ya kukufaa.

Promota Vince McMahon alipoinunua WWF, kampuni ya mieleka, kwa baba yake mwaka 1982, kila promota wa mieleka alikuwa na eneo lake, na wote walishikilia kwamba mapambano ni ya kweli. Yeye akauacha ubishi huo, akasema anauza burudani ya michezo. Jina peke yake lisingemfikisha mbali. Tarehe 31 Machi 1985, kwenye WrestleMania ya kwanza, onyesho lake kubwa la mieleka, pale ukumbi wa Madison Square Garden, New York, aliwaleta Mr. T wa televisheni, mwanamuziki Cyndi Lauper, na Muhammad Ali kama mwamuzi. Aliyekuja kwa ajili ya Lauper hakuwa na promota mwingine wa kumlinganisha na McMahon. Mwaka 1989 kampuni ikaieleza Seneti ya New Jersey waziwazi kuwa ile ni burudani, si mashindano, ili isibanwe na kanuni na kodi za michezo. Alikubali kuipoteza hadhi ya mchezo halisi, na hapo ndipo wengi hushindwa: wanataka jina jipya huku wameng'ang'ania sifa za zamani.

Mwaka 2001 huyohuyo alianzisha XFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani. Ilidumu msimu mmoja. Mbwembwe zilikuwepo, lakini mtazamaji aliwapima wachezaji kwa kipimo cha NFL, ligi kuu ya futiboli hiyo.

Sasa wewe. Matembele yaliyokatwa yatalinganishwa na fungu, nawe utaonekana ghali. Uza mlo wa jioni wa watu wanne: matembele yaliyochambuliwa, kitunguu, nyanya tatu, nazi iliyokunwa, na karatasi ya hatua za kupika. Acha kabisa kuuza kwa kilo. Ukiweka vyote viwili, mteja atapiga hesabu ya kilo tu. Majani yakaushe vizuri kabla ya kufunga, maana unyevu huyaozesha. Nazi ifunge peke yake kwenye baridi, huchacha upesi. Uzia maofisini saa kumi jioni, watu wakitoka.

Kila mnunuzi muulize: "Bila pakiti hii, leo ungekula nini?" Akisema chipsi, umeshatoka gengeni. Wengi wakisema wangepitia sokoni, badilisha mahali pa kuuzia kabla hujagusa bei.

Mama yako