Kilo 40 zimegeukaje 80 kwenye simu?

SWALI: Habari za kazi, Mhandisi. Natengeneza programu ya simu kwa ajili ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) moja ya kahawa huku Kibosho, Moshi. Makarani wa vituo hupima na kuandika hata mtandao ukikatika. Ukirudi, simu hutumiana operesheni kama "ongeza kilo 40". Nilisoma kuwa operesheni zikileta tokeo lile lile kwa mpangilio wowote, nakala zote, yaani data iliyomo kwenye kila simu na seva, zitalingana. Mbona jumla zinatofautiana, na mkulima aliyefutwa anaibuka tena?

JIBU: Njema, ndugu. Ulichosoma ni kweli, ila ni nusu. Ripoti ya mtafiti wa kompyuta Marc Shapiro na wenzake ya mwaka 2011, kuhusu data yenye nakala nyingi, inaupa mtandao masharti pia: kila operesheni ifike kwa kila nakala, na itekelezwe mara moja tu.

Nadhani kwako simu inatuma kilo 40, seva inapokea, lakini jibu la "imefika" linapotea njiani. Simu inatuma tena, mkulima anapata 80. Ipe kila operesheni namba ya kifaa na namba ya mfuatano. Nakala ikumbuke namba ya mwisho iliyotekeleza kutoka kila kifaa: iliyokwisha kutekelezwa itupwe, iliyoruka namba isubiri. Mimi ningetuma stakabadhi yenyewe, yenye namba yake, badala ya nyongeza. Ikifika mara tano bado ni moja, jumla unaipata kwa kuzijumlisha, na siku ya ubishi wa mizani una cha kuonyesha.

Mkulima anayeibuka ni jambo jingine. Simu ya tatu imepata "mfute" kabla ya "msajili". Haikuona wa kumfuta, ikapuuza, kisha usajili ukafika. Operesheni ibebe namba ambazo mtumaji alikuwa ameshaziona kutoka kila kifaa, na mpokeaji aiweke foleni hadi hizo zimfikie. Saa ya simu usiitegemee. Watu huirekebisha watakavyo. Na karani mmoja akifuta wakati mwenzake anasajili upya bila kujuana? Kila usajili uwe na alama yake, na kufuta kuondoe tu alama ambazo mfutaji alikwisha kuziona. Usajili mpya utabaki.

Malipo ya awali usiyaingize humu. Nakala mbili zisizowasiliana haziwezi kulinda sharti la salio lisishuke chini ya sifuri, kwa kuwa kila moja itaruhusu kivyake. Kigawie kila kituo kiwango chake mapema, au malipo yafanyike ofisini kwenye mtandao.