Boksi la taa kwenye ukuta wa chokaa

SWALI: Asalaam aleikum fundi. Sisi tuko Mkomani hapa Lamu, nyumba ya mawe tuliyoachiwa na marehemu babu. Tunataka taa mbili za ukutani hapo msana, ule ukumbi mrefu wa ndani, fundi wa umeme akaja na nyundo na tindo akaanza kuchimba tundu la boksi, plasta ikaporomoka upana wa sinia na boksi lenyewe ukilishika lacheza. Sasa ataka kuziba pote kwa simiti, tumkubalie? Na mama auliza ile taa yake ya shaba ya kuning'inia itawezekana darini? Msomaji, Lamu

JIBU: Waaleikum salaam dadangu. Simiti msikubali kabisa, mwambieni aweke nyundo chini kwanza. Ukuta wenu ni mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa chokaa na plasta yake pia ni chokaa, ukuta wa aina hiyo wanyonya unyevu na kuutoa tena, sasa ukipaka simiti ngumu unyevu haupati pa kutokea, unapita pembeni na chumvi yake, baadaye unaona plasta ya kando yavimba na kumwagika unga, na boksi la chuma humo ndani laliwa na kutu.

Kilichoangusha plasta ni ile mishindo. Plasta ya zamani mara nyingi imeshaachana na jiwe na kwa macho huoni, kwa hivyo gonga kwa kidole polepole, pakilia uwazi hapafai, sogea mpaka usikie pamejaa. Halafu mzime umeme meinswichi na kila waya upimwe kwa testa, manake nyumba hizi zimefanyiwa waya mara nyingi na huenda mkakuta nyekundu na nyeusi za zamani zimeungwa na kahawia na buluu za siku hizi.

Sasa kuchimba. Chora boksi kwa penseli, toboa vishimo vidogo vidogo kufuata mstari, drili iwe kwenye kuzunguka tu bila kugonga, ndipo utumie tindo nyembamba iliyonolewa na ncha yake ielekee katikati ya tundu sio nje. Boksi la kina cha mm 35 latosha kwa taa ya ukutani. Lakini hapa ndipo mafundi wengi hukosea, wanaliegemeza boksi kwenye plasta, na plasta haibebi kitu. Skrubu lazima zipite nyuma ya boksi mpaka ndani ya jiwe, na plagi zake, vile vijiti vya plastiki vinavyoishika skrubu tunduni, na skrubu zenyewe ziwe za shaba au za stainlesi kwa ajili ya hii hewa ya bahari. Tumbawe lina vitundu na ni laini, plagi ikizunguka bure usilazimishe, toboa pengine. Skrubu zikishika, rowesha tundu kwa maji, shindilia chokaa na mchanga kandokando, mdomo wa boksi uwe sawa na uso wa plasta usitokeze, na uache ikauke vizuri kabla ya kufunga taa. Tundu la kuingilia waya liwe na mpira wake ili chuma kisikate waya, na ule waya wa ethi, yaani wa usalama unaoupeleka umeme ardhini, kijani na manjano, ufungwe kwenye boksi lenyewe. Msimwachie aseme ethi si lazima!

Pale paliporomoka pazibwe kwa chokaa, tabaka jembamba likishika ndio lingine.

Taa ya mama yawezekana, ila boriti msikate hata kidogo. Ndoano ya skrubu iingie kwenye boriti, toboa kwanza manake mti wa mkoko ni mgumu, ndoano ibebe uzito wote na boksi libandikwe kando yake kwa ajili ya waya tu. Waya nao mnaweza kuupitisha kwenye kondui, bomba la waya, juu kando ya boriti, ukuta ukabaki salama, mimi naipenda zaidi njia hiyo na zidaka, vile vishubaka vya ukutani, haziguswi.

Jambo jingine, Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo kabla ya kuchimba mifereji ya waya ukutani pitieni ofisi ya Makumbusho hapo Lamu muwaeleze mnachotaka kufanya. Na huyo fundi kabla hajarudi kazini awaonyeshe leseni yake ya EPRA, mamlaka ya nishati inayowasajili mafundi wa umeme.