Toleo Jipya, Wachezaji wa Zamani: Majibu kwa Wasomaji

Tangu vitabu vya 2024 vya Dungeons & Dragons vitoke, barua tunazopata kuhusu michezo ya kuigiza wahusika mezani ni za ugomvi kuliko za sheria. Nyingi zinamtupia lawama mtu fulani kwa sababu ya umri wake. Tumejibu tano.

SWALI: Meza yetu ina watu sita. Wawili wamepita miaka 50 na walianza na kitabu cha sheria cha 1981. Watatu wana ishirini na kitu. Mimi ndiye msimamizi, yaani mwendesha mchezo. Tumehamia toleo jipya: vijana wanavunja milango, wazee wanataka kunyata na kukwepa kila pambano, na kila upande unaona mwenzake anaharibu mchezo. Kwani wazee hawawezi kuzoea sheria mpya?

JIBU: Wanaweza. Wanachofanya wazee wako ni hesabu, wala si ukaidi.

Fungua kile kitabu cha 1981 utazame orki, zimwi la kawaida. Kumuua kunaleta pointi 10 za uzoefu, tena zinagawanywa kwa kundi zima. Mpiganaji anahitaji pointi 2,000 kufika ngazi ya 2. Lakini kila sarafu ya dhahabu inayotolewa pangoni na kufikishwa salama ni pointi 1, kwa hiyo mfuko wa sarafu 100 ni sawa na maiti kumi za orki. Kwa upande wa uhai, mpiganaji wa ngazi ya 1 anarusha dadu moja ya pande 8; akipata 3, ana pointi 3 za uhai. Zikifika sifuri, amekufa, andika mhusika mwingine. Mtu aliyelelewa na hesabu hiyo akisikia kishindo cha mlango kuvunjwa anasikia pia karatasi ya mhusika wake ikichanwa.

Sasa fungua kitabu cha 2014, cha toleo lililotangulia hili jipya. Orki yuleyule analeta pointi 100, na ngazi ya 2 inahitaji 300. Pointi za uhai zikiisha mhusika analala, anarusha dadu ya pande 20 kila zamu, 10 na kuendelea ni ushindi, na akipata ushindi mara tatu kabla ya kushindwa mara tatu, hali yake inatulia. Zaidi ya hapo, uchawi mmoja mdogo wa tiba unamwinua pale pale. Kijana anayevunja mlango anafuata kitabu chake kama mzee anavyofuata chake.

Kwa hiyo usihubiri habari za kuelewana. Badilisha malipo, na uyatangaze. Kabla ya kikao kijacho, andika kwenye karatasi moja katikati ya meza nini kinaleta pointi. Pendekezo letu: chumba kilichopitwa kwa hila kilipe sawasawa na chumba kilichopitwa kwa upanga. Andika pia nini hutokea pointi za uhai zikifika sifuri, kwa maneno yasiyozidi mistari mitatu. Wazee wengi wataanza kujihatarisha mara watakapoona kwa macho yao kwamba kuanguka si kufa, na vijana watanyata wakishajua kunyata kunalipa. Kosa linalorudiwa na wasimamizi ni kueleza haya mara moja kwa mdomo wakati watu wanatoa dadu mifukoni. Hakuna anayesikia.

Jambo dogo lakini linalosumbua: karatasi za wahusika za siku hizi zina visanduku vidogo mno. Mchezaji anayekawia kila zamu huenda haoni tu. Mwandikie kinga (namba ambayo adui lazima aifikie ili ampate), pointi za uhai na nyongeza ya shambulizi kwa tarakimu kubwa juu ya karatasi, uone kama bado atakawia.

SWALI: Nina miaka 24 na nimecheza paladini, shujaa mtakatifu wa vita, miaka minane. Toleo la 2024 limemharibu. Wenzangu wenye miaka 17 wananiita babu. Naweza kubaki na paladini wangu wa 2014 huku wengine wakitumia kitabu kipya?

JIBU: Shikamoo, babu. Barua yako inaonyesha jambo tunalolirudia kila mara: kinachomfunga mtu ni kitabu alichojifunzia, na mwaka wa kuzaliwa hauna neno kubwa hapo. Mtu wa miaka 60 aliyeanza kucheza mwaka jana hana cha kuomboleza. Wewe unacho.

Malalamiko yako yana msingi. Mwaka 2014, paladini aliweza kutumia nafasi ya uchawi kuongeza uzito wa pigo kila silaha yake ilipompata adui, kwa hiyo kuanzia ngazi ya 5, mwenye mashambulizi mawili, alipiga pigo takatifu mara mbili katika zamu moja. Mwaka 2024 pigo hilo limekuwa uchawi unaotumia kitendo cha ziada, na kitendo cha ziada ni kimoja tu kwa zamu. Ulichopewa badala yake ni pigo moja la bure kwa kila pumziko refu, na kuponya kwa kuweka mikono sasa nako ni kitendo cha ziada, maana yake unaponya na bado unashambulia. Ila huwezi kuponya na kupiga pigo takatifu katika zamu ileile, na hapo ndipo wachezaji wazoefu wanapojikwaa, kwa kuwa mkono unaenda wenyewe.

Kuchanganya kunawezekana. Msimamizi wako azingatie haya:

Kwanza, nyongeza za uwezo (namba za nguvu, akili na kadhalika). Katika vitabu vya zamani zilitoka kwenye jamii ya mhusika, kama vile elfu (elf) au kibeti. Sasa zinatoka kwenye historia yake ya maisha, ama 2 kwa uwezo mmoja na 1 kwa mwingine, ama 1 kwa uwezo tatu. Mchezaji akichukua jamii ya kitabu cha zamani na historia ya kitabu kipya, nyongeza za jamii zifutwe. Bila hivyo utaona 15 inakuwa 19 katika ngazi ya 1, na mwenye karatasi hiyo ataapa kwamba amefuata kitabu. Kweli, amefuata viwili.

Pili, tawi la kazi, yaani mwelekeo maalumu ndani ya kazi ya mhusika kama paladini au mchawi. Sasa wote wanachagua ngazi ya 3. Tawi la zamani lililoanza kutoa nguvu ngazi ya 1 au 2 lisubiri.

Tatu, na hapa ndipo meza zinapogombana hasa, maneno yaleyale yenye maana mbili. Kushtukizwa katika 2014 kulikupotezea zamu yako yote ya kwanza. Katika 2024 unarusha dadu mbili za kupanga zamu na kuchukua ndogo, basi. Uchovu wa zamani ulikuwa na adhabu tofauti kila kiwango. Wa sasa unatoa 2 kwenye kila jaribio la dadu ya pande 20 kwa kila kiwango, pamoja na futi 5 za mwendo. Uchawi wa kuponya majeraha ulikuwa dadu moja ya pande 8, sasa ni mbili. Chagueni kitabu kimoja kwa uchawi na kwa hali za mhusika, hata kama kazi zenu zinatoka viwili. Wewe baki na pigo lako, lakini uchovu uwe mmoja kwa meza nzima.

Na uwaombe hao wenye miaka 17 kitu kimoja: wachague vizuri umahiri wa silaha, yaani athari ya ziada ya kila silaha. Umahiri unaomwangusha adui unamlazimisha kurusha dadu kila anapopigwa. Mpiganaji mwenye mashambulizi mawili anaongeza hadi dadu mbili za kusubiri kila zamu. Ule unaompa mpigaji fursa ya dadu mbili kwenye shambulizi lake linalofuata haumsumbui msimamizi hata kidogo. Kama vikao vyenu vinakwama kwenye mapigano, anzieni hapo.

SWALI: Nina visa vya zamani (matukio yaliyoandikwa tayari kuchezwa), vya enzi za THAC0, ile namba ya dadu iliyohitajika kumpata mwenye kinga sifuri. Nataka kuwaendeshea vijana wanaojua toleo la 2014 peke yake. Nifanyeje bila kuandika upya kila zimwi?

JIBU: Kwanza kinga. Zamani kinga nzuri ilikuwa namba ndogo, na iliweza kushuka chini ya sifuri. Toa kinga ya zamani kutoka 20, upate kinga mpya. Toa THAC0 kutoka 20, upate nyongeza ya shambulizi. Mwenye THAC0 ya 17 akimshambulia mwenye kinga 5 alihitaji 12 kwenye dadu. Kwa njia mpya ana nyongeza ya 3 dhidi ya kinga 15: bado ni 12. Kinga ya −2 inakuwa 22. Kama kisa chako ni cha mfumo wa 1981, ambamo asiye na ngao wala deraya alihesabiwa kinga 9, tumia 19 badala ya 20, lakini pande zote mbili. Kutumia 19 upande mmoja na 20 upande wa pili ndilo kosa tunaloletewa mara nyingi, na linampa zimwi au mchezaji pointi moja isiyo yake.

Hesabu hiyo ni rahisi. Tatizo ni idadi. Visa vile vinaweka orki 8 au 12 chumba kimoja bila wasiwasi. Orki wa 2014 ana pointi 15 za uhai na shoka la dadu ya pande 12 na 3 juu yake. Pigo la wastani ni 9, na mchawi wa ngazi ya 1 mwenye pointi 8 yuko sakafuni. Anza kwa kupunguza idadi nusu. Kisha rudisha sheria ambayo vijana wako hawajaizoea: ari. Kila zimwi la 1981 lilikuwa na namba ya ari, orki 8. Wa kwanza wao akifa, na tena nusu yao wakianguka, rusha dadu mbili za pande 6. Jumla ikizidi namba ya ari, wanakimbia au wanajisalimisha. Bila ari, kila pambano linapiganwa mpaka maiti ya mwisho, nawe utadhani kisa chako kimezeeka.

SWALI: Mbona wachezaji wa Call of Cthulhu, mchezo wa kutisha wa kuigiza wahusika, hawagombani hivi? Nao wana matoleo saba.

JIBU: Kwa sababu mabadiliko yao huingia mfukoni. Mchezo ulitoka 1981, na toleo la saba, la 2014, ndilo lililogusa mengi zaidi. Hata hivyo, uwezo wa zamani unauzidisha kwa 5, nguvu 13 ikawa 65, na stadi zilikuwa asilimia tangu mwanzo. Kisa cha miaka ya themanini unakiendesha jioni hiyohiyo.

Linganisha na Dungeons & Dragons ya 2008. Vitabu vya marekebisho vya 2003 vilikuwa na miaka mitano tu rafuni, halafu toleo la nne likampa mpiganaji na mchawi muundo mmoja wa nguvu: za kila wakati, za kila pambano, za kila siku. Mhusika wa zamani hakuweza kuhamishwa, ilibidi aundwe upya. Mwaka uliofuata mchezo mwingine, Pathfinder, ukatoka ukiwa umejengwa juu ya sheria za 2003, na wengi wakahamia huko. Waliojifunzia toleo la nne lenyewe, wengine wakiwa wanafunzi wa shule, hawakuona tatizo lolote, na wapo ambao hadi leo hawataki kuliacha.

SWALI: Mjukuu wangu ana miaka tisa na anataka kucheza nami. Nimfundishe toleo nililolizoea au jipya?

JIBU: Jipya kwa sababu moja: ni la kujumlisha. Dadu pamoja na nyongeza, ifikie kinga au iizidi. Kutoa namba hasi kutoka THAC0 kunaweza kusubiri.

Usimfanye aunde mhusika. Mpe kadi tayari yenye namba tatu (kinga, uhai, nyongeza ya shambulizi) na mambo mawili anayoweza kufanya, kwa maneno yanayoanza na "naweza". Kikao kisizidi dakika 75. Chora chumba kabla hajakaa. Ukijikuta unaanza sentensi na "zamani ilikuwa", imalize kimoyomoyo. Mtoto hana toleo la kulinganisha nalo, na kila sheria ya zamani unayomtajia ataishika kama ni ya leo.