Usiukate Ubeti wa Mwisho

Miaka sita iliyopita nilisambaza shairi la mtu bila jina lake, na deni hilo sijamaliza kulilipa hadi leo. Lilikuwa shairi la tarbia lenye beti kumi na tano, linalohusu mzee aliyebaki na watoto wadogo baada ya kufiwa na mkewe. Nilitumiwa na rafiki, nikalipenda sana, na kwa kuwa niliona ni refu mno kwa mtu anayesomea simuni, nikachukua beti tisa za mwanzo, nikaziweka kwenye picha yenye maua pembeni, kisha chini nikaandika "Kwa hisani ya mtandao". Baada ya siku mbili picha ile ilikuwa imefika kwenye makundi nisiyoyafahamu kabisa, na pongezi zilikuwa zinaletwa kwangu.

Wiki iliyofuata nilipigiwa simu na binti wa mtunzi. Hakunifokea. Alinisalimu vizuri, akaniuliza kama mimi ndiye niliyeitengeneza picha ile, kisha akaniomba nilifungue shairi zima nililotumiwa na nimsomee ubeti wa kumi na tano. Nikausoma kwa sauti. Kaditama ile, yaani ubeti wa kufungia shairi, ilitaja jina la baba yake, lakabu anayoitumia tangu ujana wake na mji anaoishi. Shairi lilikuja kwangu likiwa na jina la mwenyewe, nami ndiye niliyeliondoa kwa mkono wangu, kwa kisingizio cha urefu. Binti akaniambia kwamba baba yake hadai fedha, ila kinachomuumiza ni kwamba shairi lile alimtungia marehemu mkewe, na sasa watu wanamletea yeye mwenyewe, wakimsisitiza atafute nafasi alisome kwa sababu litamgusa.

Mzee ameniomba nisimtaje katika kisa hiki, nami nimekubali. Kwa kuwa simtaji, sinukuu hata mshororo wake mmoja.

Sisi tunaosoma na kuandika kwa Kiswahili hatuna udhuru katika jambo hili, kwa sababu washairi wetu walilitatua zamani. Mwana Kupona, katika beti za mwisho za utendi aliomtungia binti yake, ametaja jina lake, akataja Pate alikozaliwa, akaweka na mwaka wa hijria 1275, ambao ni 1858. Hakungoja mchapishaji aje amwandikie jina kwenye jalada. Alilishona ndani ya utungo wenyewe, ili anayeukariri awe anamtaja mtunzi kila mara. Washairi wa magazetini nao wamezoea kuweka jina, lakabu, sanduku la posta na mji chini ya kila shairi. Kwa hiyo anayeukata ubeti wa mwisho, au mistari miwili iliyo chini ya shairi, asidhani kwamba anapunguza maneno ya ziada. Pale ndipo mtunzi alipojiweka.

Mfano wa Muyaka bin Haji wa Mombasa ndio ulionifundisha zaidi. Muyaka aliishi kabla ya mashairi ya Kiswahili kuanza kuchapwa vitabuni, na tungo zake zilibaki midomoni mwa watu baada ya yeye kufariki. Mwalimu Sikujua, Mswahili wa Mombasa, ndiye aliyezikusanya na kumpatia mmishenari W. E. Taylor, na hatimaye William Hichens akazihariri zikatoka kama kitabu mwaka 1940. Ninaponakili ubeti wa Muyaka, ninamtaja Muyaka kwanza, halafu ninamtaja Mwalimu Sikujua, kwa sababu bila kazi yake pengine nisingekuwa na ubeti wa kunakili. Jina la Hichens limo kwenye kitabu na halina hatari ya kupotea. La Sikujua ndilo linalosahaulika kwa urahisi, na nadhani mwenye kusambaza ana wajibu wa kulitetea hasa jina lililo dhaifu zaidi katika mlolongo.

Hali ni hiyohiyo kwa wafasiri. Mtu akinukuu tamthilia ya Shakespeare kutoka "Mabepari wa Venisi" ya mwaka 1969, maneno anayoyanukuu ni Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, na kumtaja Shakespeare peke yake ni kutoa nusu ya haki.

Sasa niseme ninavyofanya mimi siku hizi. Jina ninaliweka juu, kabla ya neno la kwanza la maandishi yenyewe, pamoja na kichwa cha shairi au makala, mahali lilipotoka na mwaka kama upo. Zamani nililiweka chini, nikagundua kwamba ujumbe mrefu hukunjwa kwenye simu, msomaji asipobofya hauoni mwisho, na anayenakili hunakili kile anachokiona. Kama ninatengeneza picha ya maandishi, jina huingia ndani ya picha, karibu kabisa na maneno na si pembezoni ambako mtu anaweza kulikata. Nikifupisha, ninasema wazi kwamba nimefupisha na beti au aya ngapi nimeziacha, na kama kaditama ina jina, hiyo siiachi hata nikiacha nyingine zote.

Kumtafuta mwandishi si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Ninamuuliza kwanza aliyenitumia: umelitoa wapi? Mara nyingi yeye anamjua aliyemtumia, na baada ya hatua tatu au nne tunafika kwa mtu anayemfahamu mtunzi. Kisha ninachukua mstari wenye neno adimu, si mstari wa kwanza, kwa sababu mstari wa kwanza ndio unaobadilishwa sana, na kuutafuta kwenye intaneti ukiwa ndani ya alama za kunukuu. WhatsApp ilianza Julai 2018 kuweka alama juu ya ujumbe uliosambazwa, na alama hiyo husaidia kujua kwamba aliyetuma siye aliyeandika, lakini haikuambii aliyeandika ni nani. Hapo ni juu yako.

Nikishindwa, ninaandika "Sijampata mwandishi, anayemjua aniambie", na ninaeleza nililipata wapi na lini. Siandiki "Mwandishi hajulikani". Hiyo ni kauli nzito, inayodai kwamba hakuna anayemjua, ilhali ninachoweza kushuhudia ni kwamba mimi simjui. Mzee wangu alijulikana na mtaa mzima. Na "Kwa hisani ya mtandao" nimeifuta kabisa, kwa kuwa mtandao hautungi shairi wala haufanyi hisani.

Afadhali pia kukiri kwamba hujui kuliko kubandika jina kubwa ili maneno yapate uzito. Yapo maneno mashuhuri kuhusu hofu yetu iliyo kuu kuliko zote, ambayo hadi leo husambazwa kama sehemu ya hotuba ya Nelson Mandela alipoapishwa mwaka 1994. Mandela hakuyasema katika hotuba ile. Ni ya Marianne Williamson, kutoka kitabu chake cha mwaka 1992. Mwandishi huyo amenyang'anywa maneno yake, na Mandela amevishwa yasiyo yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Jambo moja linachanganya wengi: kutaja jina si sawa na kupata ruhusa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ni mwenye kazi, na inaruhusu kunukuu kwa kiasi kinachofaa mradi chanzo na mwandishi vitajwe. Kuchukua makala nzima ya mtu aliye hai na kuiweka kwako, hata ukiandika jina lake kwa herufi kubwa, kunahitaji umuombe. Mimi huomba kwa ujumbe mfupi, ninaeleza nitaiweka wapi, na sijawahi kukataliwa zaidi ya mara mbili.

Kwa mzee yule, nilitoa shairi upya likiwa na beti zote kumi na tano, jina lake juu, pamoja na maelezo ya kosa langu. Waliolisoma hawakufika hata robo ya walioipokea picha ya maua. Picha ile bado inazunguka. Mwezi uliopita niliiona kwenye kundi la ukoo wetu, imetumwa na shangazi yangu. Shairi kamili nimelihifadhi kwenye simu, na kila ninapokutana na zile beti tisa ninalituma chini yake. "Shangazi, shikamoo," nilimwandikia, "mwenyewe ni huyu hapa, na zimebaki beti sita hujazisoma."