Kabla hujamshangilia mchezaji wa raundi ya kumi na nane

Kila Julai meza ya chumba chetu cha mapumziko hugeuka kijiwe. Nafanya zamu ya usiku kwenye ghala hapa Kansas City, na ikifika saa tisa usiku, watu wako kwenye kahawa ya tatu, utasikia mabishano kuhusu kijana ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona: Royals, timu yetu ya besiboli, wamemchukua raundi ya kumi na saba, je, ana mkono wa kurusha mpira au hana?

Nyumbani Tanga ukisema unafuatilia drafti watakuuliza unacheza na vizibo vya Fanta au vya Pepsi. Hii ni drafti nyingine. Timu 30 za ligi kuu ya besiboli zinapokezana zamu kuchagua vijana kutoka sekondari na vyuo vya Marekani, Kanada na Puerto Rico, na timu iliyokuchagua ndiyo pekee inayoruhusiwa kuzungumza nawe habari za mkataba. Ilianza 1965. Mdogo wangu mmoja, kahamia mji huu mwaka jana na tayari ana kofia ya bluu, ameniomba nimfundishe namna ya kubishana na wenyeji bila kuaibika. Nikamwambia nitaandika, maana mimi niliaibika vya kutosha kwa wote wawili.

Ilikuwa miaka kadhaa kabla ya korona, drafti ikiwa bado na raundi 40. Royals walimchagua dogo wa sekondari, mrushaji wa mkono wa kushoto, kwenye raundi za thelathini na kitu. Nikamtafuta kwenye simu, nikapata video ya sekunde ishirini hivi. Anarusha, mpigaji anapiga hewa, na mdakaji hata glavu hakuisogeza. Basi, nikampenda. Kwa wiki nzima nilimhubiri ghalani. Kulikuwa na mzee mmoja wa forklift, anawatazama Royals tangu enzi za nyota wao wa zamani George Brett, nikamwambia huyu dogo miaka minne tu tutamwona Kauffman Stadium, uwanja wa Royals. Mzee akamaliza kutafuna mkate wake, akauliza, "Atasaini?"

Sikulielewa swali. Nikaona ananidharau, nikaweka dau papo hapo: asipofika Kauffman, nakupikia pilau.

Wiki chache baadaye tarehe ya mwisho ya kusaini ikapita na jina la dogo halipo. Kumbe alikuwa na nafasi yake ya chuo kikuu, na hakuwahi kufikiria kuiacha kwa hela ya raundi ile. Timu ilijua hivyo, familia ilijua, mzee wa forklift alijua. Wakati ule raundi zilikuwa nyingi, na timu zilikuwa zinachagua vijana wa namna hiyo ili tu zijulikane kwao, au mtoto wa rafiki wa kocha apate kusema alichaguliwa. Jumatatu nikaingia kazini na hotpoti ya pilau ya nyama, na mzee akawagawia watu wote mezani huku akieleza imetokana na nini.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujauliza kama ana mkono, uliza swali la mzee. Mwanafunzi wa chuo aliyemaliza miaka yake minne hana pa kwenda; atasaini kwa chochote. Wa mwaka wa tatu ana mwaka mwingine mfukoni, anaweza kuringa kidogo. Wa sekondari mwenye ufadhili wa chuo kikubwa, huyo ndiye ghali, na ndiye wa kumwangalia kwa makini zaidi anapotokea chini kwenye orodha.

Hapo tunafika kwenye hela, na hapa naomba uvute kiti. Mashabiki wengi wanahesabu raundi. Wanadhani wa raundi ya tisa ni bora kuliko wa kumi na mbili, kama darasani. Sivyo. Kila nafasi katika raundi kumi za mwanzo ina thamani iliyopangwa na ligi, na jumla ya thamani hizo ndiyo mfuko wa timu kwa mwaka ule. Ukiuzidisha mfuko unatozwa kodi, na ukizidisha kwa zaidi ya asilimia 5 unaanza kupoteza nafasi za drafti zijazo, jambo ambalo hakuna timu iliyokubali kulifanya tangu utaratibu huu uanze 2012. Tena kuna mtego: mchezaji wa raundi kumi za mwanzo asiposaini, thamani ya nafasi yake inaondoka mfukoni pamoja naye.

Kwa hiyo timu inafanya nini raundi ya nane, ya tisa, ya kumi? Inamchukua yule mhitimu asiye na pa kwenda. Tuseme nafasi imepangiwa dola 200,000. Anapewa 10,000, anashukuru, mama yake analia kwa furaha, na 190,000 zimebaki mfukoni. Kuanzia raundi ya 11 hadi ya 20 kanuni inabadilika: kila mchezaji anaweza kupewa mpaka dola 150,000 bila mfuko kuguswa, na kinachozidi hapo ndicho kinachokatwa. Sasa piga hesabu. Zile 190,000 zikiwekwa juu ya 150,000, dogo wa sekondari wa raundi ya 12 anaweza kuwekewa 340,000 mezani, ilhali yule wa raundi ya tisa aliyetajwa kabla yake kaondoka na elfu kumi. Timu inampenda nani? Hilo usiniulize mimi, uliza hundi.

Ndiyo maana nikipata orodha ya drafti siku hizi siifanyii kitu mpaka hela za kusaini zianze kutangazwa. Naichapisha kazini (msimamizi asisome hapa), naikunja mara nne, inakaa mfuko wa nyuma wa suruali. Kila jina likisaini naandika kiasi pembeni kwa kalamu. Mwisho wa Julai karatasi imechakaa, ina duara la kikombe cha kahawa, na kwenye nusu ya chini unaona tarakimu mbili tatu zimekaa pale kama mbuyu katikati ya mihogo. Hao ndio ninaowafuatilia.

Utakutana na mtu atakayekutajia Piazza. Lazima. Mike Piazza alichaguliwa na Dodgers mwaka 1988 raundi ya 62, mtu wa 1,390, akaja kupiga homu-rani 427 (mipira iliyopigwa ikavuka uzio) na kuingia Hall of Fame, jumba la heshima la besiboli, mwaka 2016. Ni kweli tupu, na haikusaidii kitu. Alichaguliwa kwa sababu baba yake alikuwa rafiki wa Tommy Lasorda, kocha wa Dodgers, ilikuwa fadhila. Na raundi ya 62 haipo tena. Zilipunguzwa zikawa 50, zikawa 40, mwaka wa korona zikawa 5 tu, na tangu 2021 ni 20. Kijana wa aina ya Piazza leo hachaguliwi kabisa. Anangoja drafti iishe ndipo simu ilie, kama italia.

Mimi nikitaka kumtetea mtu wa chini simtaji Piazza. Namtaja wa kwetu, Jarrod Dyson.

Dyson alitoka chuo kidogo cha miaka miwili huko Mississippi. Royals walimchukua 2006, raundi ya 50, na raundi ya 50 ndiyo ilikuwa ya mwisho. Baada yake karibu kila mtu alikuwa amekunja kiti. Kupiga hakupiga sana, mwili mwembamba, lakini mbio! Skauti, yaani msaka vipaji, aliyemwona aliona kitu kimoja ambacho hakifundishwi, akaona kinatosha kwa bei ile.

Sasa njoo usiku wa tarehe 1 Novemba 2015, New York, mechi ya tano ya World Series, fainali ya ligi kuu. Royals wanahitaji ushindi mmoja tu kuchukua ubingwa ambao hawajauona tangu 1985. Mbili kwa mbili, iningi (awamu ya mchezo) ya 12. Salvador Perez anapiga, anafika besi ya kwanza. Perez ni mdakaji, ana magoti ya mdakaji, kwa hiyo kocha anamtoa na kumweka Dyson amkimbilie. Uwanja mzima unajua ataiba besi, yaani atakimbilia besi inayofuata bila kungoja mpira upigwe. Mrushaji anajua. Mdakaji wa Mets, wapinzani wao, anajua. Dyson akaiba besi ya pili. Alex Gordon, aliyechaguliwa wa pili nchi nzima mwaka 2005, akapiga mpira wa chini, akatolewa, lakini Dyson kasogea ya tatu. Akaingia Christian Colon, mtu wa nne wa drafti ya 2010, hajashika gongo hata mara moja kwenye michuano yote ya mwaka ule. Akapiga. Dyson akaingia nyumbani, hiyo ni alama, tatu kwa mbili, na ikaisha saba kwa mbili.

Nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni sebuleni, mke wangu ananiambia nishushe sauti, mtoto amelala. Wa pili na wa nne wa nchi nzima wamefanya kazi ya kumwingiza nyumbani mtu wa raundi ya 50! Kesho yake kazini mzee wa forklift hakusema neno, alinigonga begani tu.

Nalisimulia hili kwa sababu lina somo la kutazamia. Ukimwangalia mchezaji wa chini, usitafute mchezaji aliyekamilika. Angekuwa amekamilika angeondoka siku ya kwanza. Tafuta kitu kimoja kikubwa. Mbio. Mkono. Mpira unaopinda vibaya. Kama huoni hata kimoja, na anachosifiwa ni kwamba "anaujua mchezo", mtakie heri.

Kidonda cha mji huu ni Albert Pujols, na ukitaka kumnyamazisha shabiki wa Royals mtaje huyo. Alisoma sekondari Independence, hapa jirani, akachezea chuo cha Maple Woods humu humu Kansas City. Mwaka 1999 kila timu ilimpita tena na tena, Royals wakiwamo, mpaka Cardinals wakamchukua raundi ya 13, mtu wa 402. Akapiga homu-rani 703. Skauti walibishana kuhusu umri wake, unene wake, nafasi gani atacheza. Mzee wa forklift huwa anatoka nje ya chumba jina hilo likitajwa.

Halafu nenda ukawaone kwa macho. Timu ya Royals ya ngazi ya juu kabisa kabla ya ligi kuu iko Omaha, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari, na ngazi moja chini yake iko Springdale, Arkansas. Nilikwenda Omaha Jumapili moja, jua la kukaanga mayai, nikakaa karibu na mahali warushaji wanapopasha misuli. Pembeni yangu mama mmoja ameshika daftari la shule, kila mpira wa mwanawe anachora alama. Mtoto alichaguliwa chini huko, nusu ya pili ya orodha. Akaniambia miaka ya mwanzo walikuwa wanamtumia hela ya chakula, mpaka wachezaji wa ligi ndogo walipopata mkataba wao wa kwanza wa chama mwaka 2023. Nikamuuliza anaogopa nini. Akasema, "Julai." Alinyoosha kidole kwenye benchi la wachezaji. Kila timu ina kikomo cha wachezaji 165 katika mfumo wake huku Marekani, na kila Julai wanaingia wapya. Wale tunaowashangilia sisi mezani ndio wanaomfungashia mwanawe begi. Sikuwa nimewahi kulitazama upande huo. Siku hizi orodha ikitoka naangalia pia nani ameachwa wiki hiyohiyo.

Swali ninaloulizwa sana na ndugu wa huku: mbona hawachagui Waafrika? Drafti haiwahusu walioko nje ya zile nchi nilizotaja. Kijana wa Kampala anasaini moja kwa moja kama mchezaji huru wa kimataifa, sawa na wa Jamhuri ya Dominika au Venezuela. Ndivyo Dodgers walivyowachukua Waganda wawili mwaka 2022, Ben Serunkuma na Umar Male, na Pirates wakamchukua David Matoma baadaye. Uganda si wageni wa mchezo huu. Watoto wa Lugazi walicheza Little League World Series, michuano ya dunia ya watoto, mwaka 2012, timu ya kwanza kutoka Afrika, wakaifunga timu ya Oregon. Kwa hiyo ukimkuta mtu anasubiri jina la Mganda raundi ya 20, mwambie anakaa kituo kisicho na basi.

Yule dogo wangu wa pilau alimaliza miaka mitatu chuoni, akachaguliwa tena, na timu nyingine, juu zaidi. Safari hii alisaini. Kisha kiwiko kikamsumbua, na nikapoteza habari zake.

Mzee wa forklift amestaafu, yuko kwa binti yake. Julai iliyopita, drafti ikiwa imeisha jana yake, simu ikalia saa moja asubuhi nikiwa ndiyo kwanza nimevua viatu. Mzee kaniandikia jina la dogo wa sekondari, raundi ya kumi na nane, mkono wa kushoto, na video. Nikaitazama mara mbili, kisha nikamjibu kwa neno moja: "Atasaini?"

Akajibu kwamba safari hii angependa na kachumbari.