Ni Mungu yule yule

Ndugu, umeuliza iweje Mungu wa Agano la Kale awe mkali hivyo na wa Agano Jipya awe mpole. Mgawanyo huo nausikia hata kwa wahubiri wa kwenye matatu hapa Nairobi, ila Biblia yenyewe haiujui. Katika Kigiriki, neno la Jehanamu limo mara 12 kwenye Agano Jipya, na mara 11 linatoka kinywani mwa Yesu.

Soma Yona, nabii aliyetumwa kuuonya Ninawi, mji wa Waashuri. Alitoroka kwa sababu alijua Mungu ana huruma (4:2), na yeye alitaka Ninawi iteketee! Tumwelewe kidogo, Waashuri walikuwa wakatili kwelikweli. Mji ukapewa siku 40, ukatubu, watu zaidi ya 120,000 wakapona. Halafu fungua Nahumu: mji ule ule, safari hii hukumu, na mwaka 612 KK ukaanguka. Huruma ilitangulia, haikufuta hesabu.

Kinachonisumbua mimi ni Wakanaani kwenye Yoshua, ambao Mungu aliagiza waangamizwe. Mwanzo 15:16 inasema uovu wa Waamori, watu wa nchi hiyo hiyo, ulikuwa haujatimia, wakangojewa hadi kizazi cha nne. Inanisaidia, lakini bado najiuliza kuhusu watoto wa Yeriko, mji wa Wakanaani ulioangamizwa.