Maswali na Majibu: Kuacha Studio ya Gemu na Kutengeneza Filamu Fupi Peke Yako

SWALI

Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mhuishaji katika studio moja ya michezo ya kompyuta hapa Nairobi, na huu ni mwaka wangu wa sita. Nimeamua kuacha kazi ili nitengeneze filamu fupi yangu mwenyewe ya dakika 6, inayomhusu bibi wa Lamu anayesuka ukili (utepe wa kushonea mikeka) barazani huku akimngoja mjukuu wake aliyekwenda baharini. Nina akiba ya kuishi miezi minane bila mshahara. Je, ninaweza kuondoka na rigi ya mwili (mifupa na vidhibiti vya kumsogezea mhusika) niliyoijenga mwenyewe ofisini, pamoja na vipande vya mwendo vya kutembea, kuketi na kugeuka, ili nisianze upya? Je, miezi minane inamtosha mtu mmoja? Na kompyuta yangu ya mkononi, yenye kadi ya grafiki ya gigabaiti 6, itamudu kurenda (kukokotoa picha za mwisho za) filamu nzima au nitafute mashine kubwa zaidi?

JIBU

Marahaba. La faili nalitanguliza kwa sababu ndilo linaloweza kukufikisha kwa wakili: usiondoke na faili hata moja. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 kinaeleza kwamba kazi iliyotengenezwa na mwajiriwa katika kutekeleza ajira yake huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa mwajiri, isipokuwa pale ambapo pande hizo mbili zimekubaliana vinginevyo. Kwamba rigi uliijenga kwa mikono yako, na pengine kwa saa za usiku ambazo hukulipwa, hakubadilishi jambo hilo. Usome pia mkataba wako kwa utulivu, hasa mahali panapotaja kazi za nje ya ofisi, maana baadhi ya mikataba ya studio hudai hata kile ambacho mtu anakitengeneza nyumbani kwake. Ukilikuta sharti hilo, omba ruhusa kwa maandishi kabla hujaanza chochote, na kila kitu ukifanyie kwenye mashine yako na kwa programu zako.

Hata hivyo, unachokiacha nyuma si hazina kubwa kama unavyodhani, na hata mwajiri angekukabidhi faili hizo kwa hiari nisingekushauri uzitumie. Vipande vya mwendo vinapopelekwa katika injini ya gemu kwa muundo wa FBX, vidhibiti vya rigi hubaki nyuma, na kinachosafiri ni mifupa mitupu yenye fremu kuu (nukta zinazoshika mkao) katika kila fremu, yaani kila picha moja, kwa hiyo mistari ya mwendo uliyoipanga kwa fremu kuu tano au sita huwa imegeuka msitu wa nukta usioweza kuhaririwa kwa akili timamu. Halafu kuna suala la kasi. Ikiwa vipande hivyo vilitengenezwa kwa fremu 30 kwa sekunde nawe unataka filamu ya fremu 24, fremu ya 10 itaangukia kwenye ya 8 bila tatizo, lakini ya 7 itaangukia kwenye 5.6, yaani katikati ya fremu mbili. Na kama hapo ndipo unyayo ulipokuwa ukigusa sakafu, mguso huo hautaonekana na mguu utaonekana ukiteleza. Mwili wenyewe nao ulijengwa uwe mwepesi ili injini iweze kuuonyesha pamoja na wahusika wengine wengi. Ukiusogeza karibu na kamera, vidole vinaonekana kama penseli zenye pembe, na filamu yako, kama ulivyoieleza, ni filamu ya vidole.

Kwa rigi mpya, tumia Blender, programu ya uhuishaji ambayo ni ya bure na ambayo kazi utakayoifanya nayo ni mali yako kabisa. Ndani yake kuna Rigify, inayokujengea rigi kamili ya binadamu, vidhibiti vya kila kidole vikiwemo, kutokana na kiolezo cha mifupa unachokipanga juu ya mwili wa mhusika wako. Ikiwa vidole vyako vimezoea programu nyingine, umo mpangilio wa vitufe unaofanana na ule wa programu zinazotumika sana viwandani. Wiki mbili za kujikwaa, kisha unasahau kwamba ulihama.

Jambo ambalo hukuniuliza, na ambalo litakusumbua kuliko faili, ni mazoea ya mkono wako. Katika gemu, mchezaji akibonyeza kitufe cha kuruka anataka mhusika aruke papo hapo. Kwa fremu 60 kwa sekunde, kila fremu ina takriban milisekunde 17, na ukimpa mhusika fremu kumi tu za kujikunja kabla ya kuruka, mchezaji ataona kama kidhibiti chake ni kizito. Kwa sababu hiyo sisi tuliolelewa na gemu tumezoea kuyakata maandalizi ya tendo, na uzito wa mwili tunauonyesha baadaye, katika kutua, kuyumba na kurejea kusimama. Katika filamu hakuna anayebonyeza kitufe. Bibi akigeuza shingo, mtazamaji anapaswa kuona kilichomfanya aigeuze, na sababu hiyo huonekana kabla ya shingo kusogea.

Nilijifunza hili kwa aibu kidogo. Shoti yangu ya kwanza baada ya kuacha kazi ilikuwa ya mzee anayenyoosha mkono kuchukua kikombe cha kahawa, na mhariri mmoja wa filamu alipoiona aliniambia kwamba mzee wangu anakaa kama mtu anayengoja kuamrishwa. Nilipoifungua tena niliona kosa lilipokuwa: mkono ulianza kusogea katika fremu ya kwanza, macho yalifika kwenye kikombe sambamba na mkono, na baada ya hapo mwili ukabaki ukipumua kwa mzunguko uleule wa sekunde mbili, kama mhusika wa gemu aliyeachwa amesimama wakati mchezaji amekwenda kunywa maji. Nilirekebisha kwa kuyatanguliza macho katika fremu tatu za mwanzo, nikaongeza kupepesa kope mara moja, nikaanzisha kichwa katika fremu ya 6 na kiwiko katika fremu ya 14. Sikugusa kitu kingine, na mzee akaonekana ana kiu.

Lakini usidhani kwamba miaka sita ya gemu haina faida hapa. Kusuka ukili ni mwendo unaojirudia, na wewe unajua kutengeneza mizunguko kuliko wahuishaji wengi wa filamu. Tengeneza mzunguko wa mikono wa fremu 48, yaani sekunde mbili, ambamo chane (vipande vyembamba vya majani yanayosukwa) zinapishana na ukingo unavutwa. Kisha upumuaji wa kifua uupe mzunguko wake tofauti wa fremu 70. Mizunguko hiyo miwili haitakutana tena mahali ilipoanzia mpaka zipite fremu 1,680, ambazo ni sekunde 70, na hutakuwa na shoti ndefu kiasi hicho, kwa hiyo jicho la mtazamaji halitagundua kwamba mikono inajirudia. Juu ya mizunguko hiyo ongeza tabaka la matukio ya mara moja: kuchukua chane mpya, kulowesha kidole, kusukuma ukili uliokamilika upande wa pili wa goti. Ukimtazama msukaji mzoefu utaona kwamba mara nyingi haangalii mikono yake. Anaangalia njia, anaitikia salamu, na vidole vinaendelea. Hilo linakufaa kwa namna mbili, kwani uso unabaki huru kuigiza huku mikono ikifanya kazi iliyokwisha kulipiwa. Leso ya kichwani usiiache kwa uigaji wa nguo unaokokotolewa na kompyuta katika kila shoti. Itundikie mifupa michache kama ulivyozoea ofisini, na uigaji huo uuweke kwa shoti moja au mbili zenye upepo.

Sasa muda. Kwa kipimo changu mwenyewe, mtu mmoja anayefanya uigizaji wa mwili na uso kwa uangalifu hutoa sekunde 3 zilizokamilika kwa siku, na siku nyingine hatoi hata moja. Dakika 6 ni sekunde 360, yaani siku 120 za kazi, ambazo kwa siku tano kwa wiki ni wiki 24 za kuhuisha peke yake. Miezi yako minane ina wiki kama 34, kwa hiyo zinabaki wiki 10 za storibodi (michoro ya kupanga shoti), kujenga bibi na baraza, rigi, taa, kurenda na sauti, na hizo hazitoshi. Ningeipunguza filamu iwe dakika 4: sekunde 240, siku 80, wiki 16, na nafasi ya kuugua homa bila kuharibu ratiba. Utasikia watu wakimtaja Gints Zilbalodis wa Latvia, ambaye alitengeneza peke yake filamu ya Away, ya dakika 75, iliyotoka mwaka 2019 baada ya takriban miaka mitatu na nusu. Ukigawanya, ni karibu dakika moja na sekunde 47 kwa mwezi, kasi ambayo ingekupa dakika zako 6 kwa chini ya miezi minne. Lakini itazame filamu hiyo kwa jicho la kazi: hakuna mazungumzo, nyuso ni sahili, shoti ni ndefu na kamera ndiyo inayotembea. Kasi yake ilitokana na yale aliyochagua kutoyafanya, na wewe umechagua vidole.

Kuhusu kompyuta yako, jibu linategemea injini ya kurenda utakayoitumia kati ya mbili zilizomo ndani ya Blender. Filamu ya dakika 4 kwa fremu 24 ina fremu 5,760. Ukitumia Cycles, inayofuata njia ya kila mwali wa nuru, na fremu moja ikachukua dakika 4, utahitaji saa 384, yaani siku 16 mchana na usiku. Ukitumia Eevee, inayokadiria nuru kwa mbinu zinazofanana na za gemu, na fremu moja ikachukua sekunde 15, kazi nzima itakwisha kwa saa 24. Hesabu hizo zizidishe mara tatu, kwa sababu hakuna shoti niliyowahi kuirenda mara moja ikawa sawa. Kwako wewe ningechagua Eevee bila kusita: unaijua tayari mantiki ya taa za aina hiyo, na Flow, filamu ya Zilbalodis iliyofuata, aliyoitengeneza pamoja na timu, ilirendwa kwa Eevee na ikashinda tuzo ya Oscar ya filamu ndefu ya uhuishaji mwaka 2025. Huhitaji kununua mashine mpya.

Gigabaiti 6 zinatosha ukizitumia kwa uchoyo. Picha moja ya ngozi au ukuta yenye pikseli 4,096 kwa 4,096 hula megabaiti 64 hivi ikishapakiwa bila kubanwa, na ukiwa nazo arobaini umeshamaliza zaidi ya theluthi ya kumbukumbu kabla hujawasha taa. Ukubwa huo uupe mikono na uso tu, na kila kitu kilicho nyuma kipe pikseli 2,048, ambazo zinakula robo yake.

Na kwa kuwa umeme wetu tunaujua, usirende filamu moja kwa moja kuwa video. Renda picha mojamoja, za PNG au EXR, kisha uziunganishe mwishoni. Umeme ukikatika katika fremu ya 3,000, fremu 2,999 ziko salama, ilhali faili la video lililokatika katikati mara nyingi halifunguki. Katika mipangilio ya Blender zima chaguo la kuandika juu ya faili zilizopo, ili ukiwasha tena iruke zilizokwisha na kuendelea na zilizobaki. Kompyuta ya mkononi inayorenda usiku kucha huchemka, basi iinue juu ya vipande viwili vya mbao na uielekezee feni. Kila Jumamosi nakili kazi yote kwenye diski ya nje, nayo uiweke nyumba nyingine.

Bado hujaandika barua ya kuacha kazi, nami nakuomba uicheleweshe kwa shoti moja. Rekodi kwa simu mikono ya mtu anayesuka, kisha tengeneza nyumbani, jioni na wikendi, shoti hii ya sekunde 4, yenye fremu 96: kutoka fremu ya 1 hadi ya 40 bibi anasuka, katika ya 41 macho yanainuka kwa sababu amesikia mashua, kichwa kinayafuata katika ya 52, mikono inapunguza kasi kuanzia ya 60, na katika ya 72 inasimama, chane moja ikiwa imebanwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Fremu 24 zilizobaki ni za kungoja. Usizigandishe, acha kifua kipumue na chane itetemeke kidogo sana.

Andika saa zote ulizotumia, uzigawanye kwa saa za siku kamili ya kazi. Ukiona kwamba shoti hiyo imekuchukua siku mbili badala ya siku moja na theluthi, basi kasi yako ni sekunde 2 kwa siku, dakika 4 zitakula siku 120, na filamu ya kuandika kwenye ratiba ni ya dakika 3. Notisi kwa mtu anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 chini ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, au zaidi ikiwa mkataba wako unasema hivyo, na siku hizo zote bado utakuwa ukilipwa mshahara. Jioni zake zitakutosha kumaliza storibodi.